Mita Tisa Zilizopotea

Wiki iliyopita tulimwacha Mama Mawe gizani, makopo mawili mikononi, na komeo likilia kwa nje. Nasikia wengine wenu mmeshinda mkimlaani aliyefunga. Punguzeni laana, jamani, tusije tukatubu bure. Aliyefunga mlango hakuwa mbaya. Alikuwa mtu wa kanuni tu, na kuna siku mtu wa kanuni hudhuru kuliko mbaya.

"Nani huko nje? Fungua!"

"Nani huko ndani?" ikajibu sauti.

Alikuwa mlinzi, yule ambaye kambi nzima walimwita Kanuni.

"Ni mimi!"

"Mimi nani? Hata mimi ni mimi."

"Mama Mawe! Unanifungia kama kuku wa mgeni?"

"Si ungeitika? Nimeita mara tatu, kanuni inasema mara tatu. Taa imezimwa, nikajua hamna mtu."

Taa ilizimwa kwa sababu, na kwa ajili ya aliyeanza kusoma leo, niseme kidogo.

Kazi ya Mama Mawe ilikuwa kuosha mawe. Kisima cha mafuta kikichimbwa, vipande vya mwamba hupanda na tope hadi juu. Yeye alivikinga, akavisuuza, akavikausha, akavitia kwenye makopo, na juu ya kila kopo akaandika kina kilikotoka. Miaka kumi na mmoja kwenye karo lile la maji. Shule aliishia darasa la saba, lakini namba zake hazikuwahi kupishana.

Huko chini hakuna ziwa la mafuta kama watu wanavyodhani. Kuna mwamba wenye vitundu, kama sponji ya kuogea. Gesi ni nyepesi, inakaa juu. Mafuta yanakaa katikati. Maji yanakaa chini kabisa. Mungu alivipanga hivyo na havijawahi kugombania nafasi. Wanaogombana ni watu, maana kila mmoja anadai anajua mpaka ulipo.

Jiwe lenye mafuta ukiliweka gizani chini ya taa ya zambarau, linang'aa manjano kama kiini cha yai. Jiwe la gesi haling'ai. Ndiyo maana alizima taa.

Karatasi ya ofisini, iliyobandikwa ukutani, ilisema gesi inaishia na mafuta yanaanzia kwenye kina cha mita 2,131. Pale kambini elfu mbili na mia hazikutajwa, watu walisema "thelathini na moja" tu na wote wakaelewa. Karatasi ilihesabu kuanzia ardhini. Makopo ya Mama Mawe yalihesabu kuanzia kwenye sakafu ya mtambo, ambao ulisimama juu ya miguu ya chuma yenye urefu wa mita tisa. Kwa hiyo thelathini na moja ya karatasi ni arobaini ya makopo. Hilo hata mfagiaji alilijua.

Kopo la arobaini halikung'aa.

La arobaini na moja, kimya. La arobaini na mbili, kimya. Akaenda hivyo, kopo baada ya kopo, mpaka arobaini na nane, giza tupu. Arobaini na tisa likawaka manjano.

Tisa ya kwanza aliijua. Hii tisa ya pili ilitoka wapi?

Na saa ileile, kisimani, mafundi walikuwa wanateremsha baruti kwa waya kwenda kutoboa bomba chini kule, kwenye thelathini na nne ya karatasi hadi thelathini na nane, wakiamini wanatoboa kwenye mafuta. Kama makopo yanasema kweli, wanatoboa kwenye gesi. Juu linasubiri tangi lililo wazi, la mafuta, kama pipa la kukingia maji ya mvua. Mtambo wa kutenganisha gesi bado uko juu ya lori, njiani.

Na anayesimama kwenye koki kubwa, hatua thelathini kutoka kwenye tangi hilo, ni mdogo wake. Wa tumbo moja. Alimbeba mgongoni siku waliyomzika mama yao, mtoto ana miaka minne, na kambi ilipomwita Koki kwa sababu ya kazi yake, dada mtu alicheka wa kwanza.

Ndugu mwingine hana.

"Kanuni, baba, fungua."

"Siwezi. Baruti ikiwa kisimani milango yote inafungwa mpaka bosi aseme."

"Nimebanwa."

Kanuni akasogea mlangoni.

"Umebanwa haja ndogo au kubwa?"

"Endelea kuuliza, utakuja kufagia mwenyewe."

Komeo likafunguka.

Mama Mawe akatoka kama mshale, makopo kifuani. "Nipe simu yako!"

"Choo kiko kule, mama."

"Simu, nimesema!"

Kanuni akaonyesha kwa kidevu. Mezani kwake palikuwa na kapu, na ndani ya kapu simu za kambi nzima, zimezimwa, kila moja na kikaratasi cha jina. "Baruti inawashwa kwa umeme. Simu moja ikiita, redio moja ikikohoa, inaweza kulipuka kabla ya wakati, watu wako mdomoni mwa kisima. Ukiwasha simu leo unaua kumi."

Alisema kweli, na hilo ndilo lililomkata maini Mama Mawe. Chombo pekee cha kumfikia mdogo wake ndicho kingemuua.

"Koki ameondoka saa ngapi?"

"Baada ya chakula cha mchana. Alikuwa anapiga mluzi."

*

Kulikuwa na mtu mmoja wa kumsikiliza: Mpimaji.

Alikuwa binti wa miaka thelathini na kidogo, mwenye vidole virefu na penseli sikioni saa zote. Yeye ndiye aliyeteremsha vipimo vya presha kisimani, yeye ndiye aliyechora mpaka. Tena alikuwa mchumba wa Koki. Barua ya posa ilishajibiwa. Mama Mawe alishaanza kumwita wifi, naye akaitika.

Kontena lake la ofisi liliachwa wazi, kwa kuwa lilikuwa na vyombo vinavyofanya kazi. Mama Mawe aliingia bila hodi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani.

"Wifi! Mbona unahema hivyo?"

"Mafuta yanaanzia wapi?"

"Si unajua? Thelathini na moja."

"Makopo yangu yanasema arobaini na tisa."

Mpimaji akatabasamu, tabasamu la mtu aliyesoma. "Wifi yangu, mawe yako huchelewa. Yanapandishwa na tope, safari ya kilomita mbili, lazima yachanganyike."

"Huchelewa mita moja. Mbili. Siku ya tope bovu, tatu. Lini yamechelewa tisa?"

Tabasamu likabaki pale, lakini macho yaliondoka.

"Nionyeshe ulivyopata yako," akasema Mama Mawe. "Nieleze kama mtoto. Sina haya."

Mpimaji akafungua jalada. Karatasi ya mraba mraba, nukta nyingi, mistari miwili ya penseli.

"Napima presha kila baada ya mita chache," akasema. Sauti ilikuwa imekauka. "Ndani ya gesi, ukishuka, presha inapanda polepole, kwa kuwa gesi ni nyepesi. Ndani ya mafuta inapanda haraka zaidi, mafuta ni mazito. Nachora mstari wa gesi, nachora mstari wa mafuta. Panapokutana, ndipo mpaka."

"Hapa imekutana wapi?"

Mpimaji akamsogezea karatasi. Mama Mawe akainama, akasoma mwenyewe. Mistari ilikutana kwenye arobaini na tisa.

"Hii ni hesabu ya wapi, ya sakafuni?"

"Ya sakafuni."

"Basi ukitoa tisa za miguu ya mtambo, unapata arobaini ya ardhini. Karatasi ya ukutani ina thelathini na moja. Nani katoa tisa nyingine?"

"Ofisini."

"Kwa nini watoe, kama wewe umeshatoa?"

Kope za Mpimaji zikacheza. "Wamezoea kuletewa ya sakafuni, watoe wenyewe. Safari hii nilitoa mimi. Nilitaka kuwarahisishia. Ila..." Akaigonga karatasi pembeni kwa kidole. "Ila sikuandika kwamba nimeshatoa."

Sentensi moja. Maneno mawili matatu pembeni ya karatasi. Watu wanadhani maangamizi huja na tarumbeta, kumbe mengine huja kwa sababu ya nafasi iliyoachwa wazi.

"Twende kwa bosi," akasema Mama Mawe. "Sasa hivi."

"Ngoja nipange karatasi."

Akazipanga. Mama Mawe, ambaye kazi yake ilikuwa kuangalia vitu vidogo, akaona karatasi moja haikurudi jaladani. Iliingia mfukoni.

"Wifi. Hiyo ya mfukoni."

"Si kitu."

"Kama si kitu, nipe."

"Wifi, nakuomba..."

"Nipe!"

Akaitoa. Ilikuwa nakala ya karatasi ya ukutani. Kando ya thelathini na moja palikuwa na alama ya kuuliza, ya penseli nyekundu, imekandamizwa hadi karatasi imetoboka. Chini yake tarehe. Ya jana.

Mama Mawe akaisoma tarehe mara mbili.

"Ulijua."

"Nilishuku. Kushuku si kujua."

"Ulijua tangu jana!"

"Niliwaandikia ofisini kuuliza. Hawakujibu. Asubuhi bosi akasema kazi inaendelea, nikasema labda wameangalia, labda wao wako sahihi, labda..." Machozi yakaanza. "Nikisema nimekosea kitu cha mtoto wa shule, nani atanipa penseli tena? Wanawake tuko wangapi kwenye kazi hii? Watasema, si tulisema?"

"Mchana umekula naye."

Mpimaji akafunika uso.

"Umempakulia mdogo wangu chakula, ukamwongezea mboga, nimekuona kwa macho yangu. Na alama hii ulikuwa umeshaiweka."

"Ndiyo."

Mama Mawe aliinua mkono. Alikuwa na mikono mizito, mikono ya maji na mawe. Mpimaji hakukwepa.

Mkono ukashuka taratibu, ukamshika kiwiko.

"Nitakupiga siku nyingine, Mungu akipenda," akasema. "Sasa kimbia."

*

Barabara ya kisimani ilikuwa na kizuizi, bomba refu jeupe na jekundu, hatua mia mbili kutoka mtamboni. Zaidi ya hapo, baruti ikiwa chini, hapiti mtu asiyehusika.

Pale alisimama Bwana Ratiba, msimamizi wa kambi, amejiegemeza kwenye gari lililozimwa, chupa na kikombe cha chai juu ya boneti. Jina la Ratiba alipewa na mafundi kwa sababu hata salamu aliijibu akiangalia saa ya mkononi.

"Simamisha kazi, bosi!" Mama Mawe alianza hata kabla hajafika. "Mnatoboa kwenye gesi!"

"Mama Mawe. Si unatakiwa uwe kwenye kivuli na wenzako?"

"Angalia makopo. Arobaini na tisa!"

Bwana Ratiba akatazama makopo, akatazama mikono iliyoyashika, akacheka kwa pua. "Kwa hiyo nisimamishe mtambo, niwaambie wakubwa kwamba muosha mawe ameota?"

"Mimi si muosha mawe," akasema Mpimaji. Alikuwa amefika, jasho linamtiririka, penseli imeanguka njiani. "Ni mimi niliyekosea. Tisa imetolewa mara mbili. Mpaka uko arobaini ya ardhini, si thelathini na moja. Pale baruti ilipo ni gesi tupu."

Kicheko kikakatika.

"Rudia."

Akarudia. Safari hii hakusema labda.

Bwana Ratiba hakuwa mjinga, niwaambie ukweli. Rangi ilimtoka kwanza masikioni. Akafungua mdomo atoe amri ya kumtuma mtu mbio na kitambaa chekundu.

Ardhi ikatikisika.

Kidogo tu. Kama mtu aliyeangusha gunia chumba cha pili. Chai ikachezacheza kikombeni, ikatulia.

Baruti ilikuwa imelia.

"Mungu wangu," akasema Mama Mawe, na hiyo ilikuwa sala nzima.

"Bado," akasema Mpimaji haraka. "Kisima hakijapanda. Koki afunge sasa! Baruti imeshalia, redio ni ruhusa. Mwite!"

Bwana Ratiba akashika redio kiunoni. Kisha, msomaji wangu, akaiacha.

"Nikifunga, jaribio la kisima limeharibika. Siku tatu za kuanza upya. Wataniuliza kwa idhini ya nani." Akatoa kalamu mfukoni, akaiweka juu ya boneti pamoja na ukurasa aliouchana kwenye daftari. "Andika. Kwamba kosa ni lako, si la kambi. Weka saini. Halafu nafunga."

"Nitaandika baadaye!"

"Baadaye watu husahau."

Mpimaji akaikamata kalamu. Aliandika haraka, herufi zinapanda na kushuka, na bwana yule akasimama pembeni akisoma kila neno kama mwalimu wa imla. "Weka tarehe," akasema. "Na saa."

Mficha maradhi kilio humfichua, wahenga walisema. Hawakusema wakati wa kilio kutakuwa na mtu anayedai saini.

Redio ikakwaruza.

"Bosi, Koki hapa. Kisima kinapanda, kinakuja vizuri."

Bwana Ratiba akashusha pumzi. "Mnasikia? Kinakuja vizuri." Akabonyeza kitufe. "Mafuta?"

Akakibonyeza tena.

"Koki! Mafuta?"

"Bosi... tope limetoka kidogo. Sasa hivi bomba linapiga mluzi."

Mama Mawe hakungoja saini. Aliinyakua redio mkononi mwa msimamizi aliyemtumikia miaka kumi na mmoja.

"Funga! Ni gesi hiyo, funga!"

"Nani huyo? Redio ina sauti ya dada yangu."

"Ni mimi."

"Dada, wamekupandisha cheo?"

"Koki, funga, ukimbie!"

Mzaha ukaisha pale pale. "Nafunga," akasema. "Wengine nawatoa."

Kutoka kwenye kizuizi waliona kila kitu kama kwenye kiganja. Waliona mafundi wakiruka ngazi za mtambo, mmoja mmoja, wakija mbio barabarani. Waliona hewa juu ya tangi ikitetemeka kama juu ya jiko la makaa, ila moto haupo. Na waliona mtu mmoja ambaye hakukimbia, ameinama juu ya gurudumu la koki kubwa, gurudumu la ukubwa wa tairi la lori, analizungusha kwa mabega.

Mizunguko arobaini kulifungua. Mizunguko arobaini kulifunga. Hakuna njia ya mkato.

"Nimepoteza hesabu," ikasema redio baada ya muda. Sauti ilikuwa ya mlevi. "Kichwa kinaelea. Nimefika ngapi?"

Mama Mawe akatazama, macho yakamjaa maji, hakuona kitu.

Mpimaji akachukua redio. Katikati gurudumu lilikuwa na miguu kama spoki za baiskeli, mmoja umepakwa rangi nyekundu, na tangu lianze kuzunguka macho yake hayakuuacha huo mwekundu.

"Kumi na tisa," akasema. "Hii ni ishirini."

"Wewe pia upo?"

"Nipo. Ishirini na moja. Koki, ni mimi. Ni hesabu yangu. Nilishuku tangu jana nikanyamaza. Ishirini na mbili."

Redio ilikwaruza peke yake. Mguu mwekundu ukapanda, ukashuka, ukapanda.

"Ishirini na tatu," akasema Mpimaji, analia.

"Usilie, utakosea tena," ikasema redio. "Hesabu."

Akahesabu.

Mafundi walianza kufika kwenye kizuizi, wanakohoa, wanajitupa chini. Wa mwisho alikuwa dereva wa mashine ya pampu, mtu mnene, hajakimbia tangu ujana.

"Umezima mashine?" Bwana Ratiba akamfokea. "Cheche moja tu pale..."

"Nimezima, bosi! Ufunguo huu hapa!" Akaunyanyua juu wote wauone.

Ndipo waliposikia.

Mashine ya pampu ilikuwa bado inanguruma. Si kama kawaida. Sauti ilikuwa inapanda yenyewe, kama mtu anayekanyaga mafuta, na kwenye kiti hapakuwa na mtu.

"Nimezima," dereva akarudia, polepole, anautazama ufunguo kama mtu mwingine ndiye aliyemwekea mkononi. "Wallahi nimezima."

Bwana Ratiba akakaa chini, pale pale vumbini, na suruali yake ya pasi.

"Inavuta gesi," akasema. "Imo ndani ya wingu. Haihitaji dizeli tena wala ufunguo. Itazidi kukimbia hivyo mpaka ipasuke."

"Ikipasuka?" Mama Mawe akauliza.

Wanaume kumi, kila mmoja akapata kitu cha kutazama kwenye viatu vyake.

"Thelathini na mbili," akasema Mpimaji. "Thelathini na tatu. Thelathini na nne."

Mguu mwekundu haukupanda tena.

Akangoja. Akaitaja inayofuata, kama vile neno lingeusukuma. "Thelathini na tano."

"Limekwama," ikasema redio. Pumzi zilikuwa fupi, mbilimbili. "Mkono mmoja umekufa ganzi. Zimebaki ngapi?"

"Sita."

"Sita." Kama mtu aliyeambiwa bei akakuta hana. "Dada yupo?"

"Nipo, mdogo wangu. Liache! Njoo!"

"Nikiliacha, wingu linafika kwenu. Dada, mshike huyo. Namjua, atakuja huku. Ahidi."

Mama Mawe akabonyeza kitufe. "Nimeahidi."

Akamshika Mpimaji kifundo cha mkono, kwa nguvu zote za miaka kumi na mmoja ya kubeba ndoo za mawe. Mashine ikapandisha tena. Sasa ililia kwa sauti nyembamba, na vioo vya gari vikaanza kutetemeka kwenye fremu zake.

"Wifi," akasema Mpimaji. Hakujivuta wala hakupiga kelele. "Gurudumu likikwama ni la watu wawili. Nimewaona wakilifungua jana, walikuwa wawili. Utaniachia niende, au tusimame hapa sote tuhesabu?"

Mama Mawe alimtazama. Aliona alama nyekundu iliyotoboa karatasi. Aliona sahani ya mchana, na mkono huu huu ukiongeza mboga. Alitaka kumchukia, akaona atafanya hivyo baadaye, kama baadaye ipo.

Nyuma yake walisimama wanaume kumi wenye mikono ishirini. Akawatazama nao. Mmoja aliinua macho, akayarudisha chini.

Ahadi ni deni, na mama huyu hakuwahi kuvunja ahadi hata kwa mtoto.

Akafungua vidole.

Mpimaji akapita chini ya kizuizi. Hakuwa amefika hatua ya tano aliposikia mwingine nyuma yake. Mama Mawe alikuwa amevua viatu, ameviacha barabarani vimepangana, kama mtu anayeingia kuswali.

"Rudi!" Bwana Ratiba alipiga kelele kutoka vumbini. "Mama Mawe! Hujaruhusiwa!"

"Kimbia, wifi," akasema Mama Mawe akimpita. "Wawili hawatoshi."

Mbele yao, ndani ya hewa inayotetemeka, mtu aliyeinama juu ya gurudumu aliinua kichwa, akawaona wanakuja, akaanza kupunga mkono wake mmoja mzima kuwafukuza.

Na mashine ikanyamaza ghafla.